Kilo na Nusu ya Kujihami

Naanza kwa kiapo ili baadaye tusije tukalaumiana. Haya nitakayoyasema ni kweli tupu, na kama nimetia chumvi hata punje moja, basi meno yangu machache yaliyobaki yang'oke nikitafuna ndizi mbivu. Wako watakaokwambia kwamba Mzamil ni mwongo. Waulize kama wamewahi kunikamata na uongo. Watasema ndiyo, mara nyingi. Basi hao nao usiwaamini.

Mimi niliendesha winchi bandarini mpaka waliponistaafisha. Shule yangu ilikuwa magazeti yaliyofungiwa karanga, ndiyo maana habari zangu nyingi hazina mwisho. Siku hizi kazi yangu ni kukaa. Kila siku baada ya sala ya alasiri nakaa kwenye baraza ya mawe nje ya nyumba ya Bi Mejumaa, mjane wa watu, pale Ndia Kuu, Mji wa Kale, na kuisaidia serikali kwa mawazo. Serikali haijashukuru, lakini sisi hatudai shukrani.

Hapo barazani ndipo Mutunga aliponijia siku moja, uso umemkunjamana kama nguo iliyosahauliwa ndooni.

Mutunga tulifanya naye kazi bandarini, yeye akiwa karani chini ya feni, mimi nikiwa juani. Alipostaafu hakurudi kwao Kitui. Yeye na mkewe Mwikali walihamia Kizingo, katika nyumba kubwa ya binti yao Stacy, aliyekwenda Dubai kikazi. Kizingo mwaijua: kuta ndefu, miti mingi, na kimya ambacho watu wamekilipia.

"Mzee Mzamil," akaniambia, "nimeibiwa."

"Pole, ndugu yangu. Lini?"

"Jumapili, tukiwa kanisani. Waliingia jikoni."

"Wakachukua nini?"

"Mtungi wa gesi. Na kandambili zangu." Akaketi kando yangu. "Na walikula muthokoi wetu wa mahindi, Mzamil. Mwikali alikuwa ameacha sufuria nzima mekoni. Waliipasha moto, wakakaa mezani, wakala, wakaosha sahani."

"Wakaosha sahani?"

"Na kijiko."

Nikamwambia hao ni wezi waliolelewa vyema, na kwamba mimi nina wakwe ambao hawajafikia daraja hiyo. Hakucheka. Akasogea karibu, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza kwamba amekwisha kupata kibali cha kumiliki silaha, na sasa ataka kununua rivolva. Si bastola ndogo ya mabibi, akasema. Ataka rivolva yenye risasi nene, ya kipimo cha arubaini na nne kama ipo, atembee nayo kila siku kwapani, sokoni, benki, mpaka kanisani.

Basi hapo pana mtu aliyepotewa na kandambili, na jawabu lake ni chuma cha kuangushia nyati. Nikaona ni busara kabisa. Mwizi akija tena kula muthokoi, ataupata wa moto.

"Na Mwikali yuasemaje?" nikamuuliza.

Hapo akainama. Mwikali alikuwa muuguzi miaka yake yote ya kazi, katika wodi ya majeruhi. Alipogusiwa tu habari ya bastola alisema maneno machache, na Mutunga alinikariria kama aya: "Damu ya risasi nimeiosha ya kutosha. Chuma hicho kikiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa nyuma, naenda Kitui, na sirudi."

"Kwa hivyo hajui kama una kibali?"

"Hajui. Na asijue, Mzamil. Yule mwanamke hasemi kitu mara mbili. Nikimpoteza Mwikali, hiyo nyumba nitailinda kwa ajili ya nani?"

Swali zuri, lakini mimi sikuulizwa swali, niliulizwa bastola. Kwa nini mimi? Kwa sababu siku moja, kupitisha saa tu, nilisimulia pale barazani jinsi nilivyokuwa mtunza silaha katika meli. Na ni kweli nilikuwa mtunza silaha. Kama meli ile ilikuwa na silaha ama haikuwa nazo, hilo ni jambo la nahodha.

Tukaenda dukani, kwa muuzaji mmoja kijana mpole aitwaye Kenneth. Akakagua kibali, akatandaza kitambaa, akatulazia rivolva tatu, mfano wa baba, mama na mtoto. Mutunga hakumtazama mtoto wala mama. Akamnyanyua baba kwa mikono miwili.

"Mzee," Kenneth akasema taratibu, "rivolva ni silaha nzuri kwa mtu asiyetaka mambo mengi. Haikwami ovyo, unaona risasi zako, unafyatua basi. Lakini hiyo uliyoshika ilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji. Kwa kutembea nayo kila siku ningekushauri hii ndogo. Ile kubwa inaruka mkononi, na risasi yake ikimkosa mwizi inatoboa ukuta inaenda kwa jirani."

"Jirani wa Kizingo yuko mbali," nikasema. "Mpaka imfikie itakuwa imechoka."

Kenneth akanitazama. "Mzee wangu naye ni mtaalamu?"

"Wa meli," nikasema, nikafumba macho kidogo. Mtu akifumba macho huaminiwa zaidi.

"Basi mzee wa meli atakubaliana nami," akasema. "Wengi hununua kubwa, huivaa siku mbili, ya tatu yalala kabatini. Chukueni kitu cha uzito uleule, kama kilo na nusu hivi, mkitie kwenye ala, atembee nacho wiki moja. Kama hajachoka, mrudi."

Mutunga akanunua ala ya ngozi ya kuvaa kwapani, na koti jeusi la kuifunikia. Tukatoka.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo moja la nyumbani kwangu, vinginevyo utanifikiria vibaya kabla ya wakati wake. Nina sukari. Binti yangu Jannat, Mungu amhifadhi na amlegeze, amezunguka mji mzima akiwaonya wauza haluwa. Nikitokea tu, wanafunika sinia. Mtu niliyemjua tangu hajaota ndevu alinitazama usoni akaniambia, "Ami, hapa twauza sabuni." Nilikuwa nimepitisha miezi nikinusa mji wangu mwenyewe kama mgeni.

Mutunga akauliza, "Kilo na nusu ya nini, sasa? Jiwe?"

Na hapo, wallahi, sijui maneno yalitoka wapi.

"Jiwe?" nikasema. "Mutunga, jiwe halina tabia. Rivolva si uzito tu. Chuma chake hupakwa mafuta. Kikipigwa na jua hulegea kidogo, kikipata kivuli hukaza. Ukikishika, nacho kimekushika. Katika mji huu kuna kitu kimoja tu chenye sifa hizo zote."

"Kipi?"

"Haluwa."

Alikuwa karani, mtu wa vipimo. Akafikiri. "Haluwa nyeusi ama nyekundu?"

"Nyeusi. Yenye lozi. Lozi ndizo risasi."

Nikamfafanulia pia kwamba lazima inunuliwe mpya kila siku, kwa sababu haluwa ikilala hukauka, uzito hubadilika, na vipimo vikiharibika utajikuta umenunua bastola ya mtu mwingine. Na ile ya siku nzima haitupwi hivihivi. Silaha haitupwi barabarani, si salama. Yapelekwa kwa mtaalamu, jioni, barazani, ili aifyatue.

Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru.

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi Mutunga alipita kwa muuza haluwa, akapimiwa kilo na nusu, ikafungwa karatasi ya nailoni na jani la mgomba, ikasokomezwa kwenye ala, na koti juu. Mwikali alidhani anakwenda kunyoosha miguu. Alizunguka mji jua kali, koti jeusi, bega moja chini, jingine juu, kama mtu aliyesahau kushusha mzigo. Pale mlangoni mwa jumba la mahakama ya zamani alifanya mazoezi ya kuchomoa haraka. Mara ya kwanza alichomoa vizuri. Mara ya pili mkono haukutoka. Samli ilikuwa imeyeyuka, vidole vimenasa, na ikabidi asimame pale ameutia mkono kifuani kama jenerali kwenye picha, mpaka kivuli kikamfikia.

Paka wa Mji wa Kale nao wana pua. Siku ya kwanza alifuatwa na mmoja. Baadaye nikawa namjua yuaja kabla sijamwona, kwa sababu nyuki wake walitangulia na paka wake walifuata.

Kadzo, auzaye mahamri pale pembeni, mwanamke wa Kilifi asiye na mlango mdomoni, akawa hampitishi bila neno.

"Mzee Mutunga! Leo wanukia iliki na waridi! Wachumbia?"

"Ni mambo ya usalama, mama," Mutunga akajibu kwa uzito.

"Haya, salama na iingie," Kadzo akasema, akawakonyezea wateja wake.

Na jioni, barazani, kazi yangu. Mutunga alikaa, akafungua koti, akaniwekea mzigo mapajani. Mimi niliukagua kwa kijiko. Nilianza na mtutu. Bi Mejumaa, kwa kuwa ni mtu wa watu na hawezi kuona mgeni akikaa mlangoni pake na tumbo tupu, akatoa birika la kahawa na vikombe, akamwambia Mutunga, "Karibu, baba, jisikie nyumbani." Mutunga akasimama, akavuta koti, akainama kidogo kwa heshima ya kibara. "Asante sana, mama. Nimejisikia."

Wewe ambaye umezaliwa hapa umekwisha kuona balaa liko wapi. Mutunga, mtu wa Kitui, hakuona. Kwetu mwanamume mzima akivaa koti katika joto hili, akaja kila alasiri na haluwa mpaka mlangoni kwa mjane, na mjane akatoa kahawa, hapahitajiki kadi. Haluwa na kahawa ndiyo ndoa yenyewe. Mengine ni maelezo. Mimi nililijua hilo. Ningemwambia, lakini kila nilipokumbuka mdomo ulikuwa umejaa.

Mji ukafanya kazi yake. Mara ikasemwa Mutunga amesilimu. Mara ikasemwa ameshapewa jina. Mama mmoja wa Bondeni akapita akapiga kigelegele, Mutunga akadhani ni mtu aliyekanyagwa.

Akawa yuko karibu kabisa kuamua. "Wiki inakwisha, Mzamil, na sijachoka," akaniambia. "Bega laniuma, koti limeharibika, lakini moyo wangu umezoea. Keshokutwa naenda kwa Kenneth. Naichukua ile kubwa."

"Usiharakishe," nikamwambia, nikilamba kijiko. "Mtaalamu yeyote atakwambia wiki moja haitoshi. Mwezi."

Kesho yake alasiri tuko pale pale, haluwa mapajani mwangu, mkono wa Mutunga umenasa kwa samli ndani ya koti akijaribu kuuchomoa, tuktuk ikasimama. Akashuka Mwikali, kavaa nguo yake ya kanisani, mkoba mkononi. Hakunitazama. Hakumtazama mumewe. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni.

"Masalkheri, Bi Mejumaa."

"Masalkheri, mama. Karibu, pita ndani."

"Sipiti. Nimeambiwa na mwenye mahamri nikupe hongera. Nimekuja kumwona mke mwenzangu."

Birika la kahawa likagonga sinia. "Mke mwenzio nani?" Bi Mejumaa akasema. "Mimi? Na huyu? Huyu anayenukia kama duka la Eid? Subhanallah! Mimi nimekaa na ujane wangu kwa heshima, leo mlango wangu umefanywa ukumbi wa harusi na mimi bibi harusi sina habari!"

"Basi haluwa ya kila siku ni ya nini?" Mwikali akauliza, na sasa akamgeukia mumewe. "Baba Stacy. Mimi si mtu wa kelele. Niambie, nikapange nguo zangu."

Nilimwona Mutunga akipima. Akisema haluwa ni ya posa, mke kaenda Kitui. Akisema haluwa ni bastola, mke kaenda Kitui. Barabara zote mbili zilikuwa na lami nzuri na zote zilielekea Kitui. Akanitazama mimi, mtaalamu wake. Macho yake yalikuwa ya mtu anayezama anayemwangalia aliyemuuzia mtumbwi.

Nikainuka, maana siwezi kumwacha rafiki.

"Shemeji," nikasema, "mume wako ni mtu wa dini. Haluwa hii ni sadaka. Twawapelekea mayatima wa Bondeni kila jioni, ila yeye hapendi kujionyesha."

"Mayatima gani?" akauliza Mwikali.

"Wengi."

"Yatima mwenyewe ndiye huyo!" Kadzo akapaza sauti kutoka pembeni. "Mwangalieni ndevu!"

Nikapitisha mkono kidevuni. Ulirudi na lozi.

Mwikali akanisogelea. Alinitazama macho, ulimi, miguu ilivyovimba, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafungua mkoba akatoa kile kijimashine cha kupimia sukari. Kumbe kila wiki huwapima wazee wa kanisani kwake.

"Nipe kidole."

"Shemeji, mimi na sindano..."

"Kidole, Mzamil."

Nikampa. Mashine ikafikiri, ikalia, ikakataa kuandika namba. Akanipima tena kwa kidole kingine. Ikakataa tena.

"Mashine imeharibika," nikasema.

"Mashine nzima. Wewe ndiye huna namba, sukari yako imezipita zote." Akampigia simu Jannat papo hapo, na nakwambia sauti ya Jannat niliisikia bila simu. Kisha Mwikali akamgeukia Mutunga tena. "Haya. Haluwa anakula huyu. Hiyo nimeelewa. Lakini kwa nini unaibeba wewe, na kwa nini kwapani?"

Akalishika koti, akalifungua. Ala ya ngozi ikaonekana, imelowa samli, nyuki mmoja akitembea juu yake bila haraka.

Muuguzi wa majeruhi haulizi ala ni ya nini. Hata Kadzo akayasahau mahamri yake mafutani.

"Umepata kibali," Mwikali akasema.

"Nimepata."

"Umenunua?"

"Kesho."

Akakaa kwenye baraza, pembeni ya mumewe, mkoba magotini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mashine.

"Walikaa mezani kwangu, Mwikali," Mutunga akasema. "Walikaa kwenye kiti changu. Sijalala tangu siku hiyo."

"Najua hujalala. Kwani mimi nimelala? Kila usiku nakusikia ukizunguka nyumba gizani, ukigusa milango. Na mimi nina kibofu cha mama mzee, Baba Stacy. Naamka kwenda chooni gizani vilevile. Sasa nipigie hesabu, wewe ni karani. Mtu asiyelala, mwenye woga, na bastola ya nyati mkononi. Mwizi wako wa kwanza angekuwa nani?"

Mutunga akaanza kuivua ile ala. Haikuvuka vizuri, ikanata, ikabidi Mwikali amvute mkono mmoja na Bi Mejumaa mwingine. Ilipotoka akainyoosha mbali na mwili wake kama panya aliyekufa, na paka wakamwondolea shida hiyo.

"Sinunui," akasema. "Kibali nitakirudisha kesho."

"Tutakirudisha pamoja," akasema Mwikali.

Nikaona mambo yamekwisha vizuri. Nikatafuta viatu.

"Mzamil, kaa," Bi Mejumaa akasema. "Bado wewe."

Nikahukumiwa na wanawake watatu, mmoja akiwa kwenye simu. Bi Mejumaa akasema jina lake limeburutwa, na mbuzi apatikane, apikwe hapo mlangoni, mji mzima uje ule na uambiwe kwamba hapana harusi. Jannat akasema wa kumtoa huyo mbuzi ni baba, lakini baba mwenyewe atakula mchicha. Mwikali alikuwa akinitazama kwa makini kama alivyonitazama mwanzo.

"Wale wezi waliingia kwa sababu Jumapili nyumba huwa kimya," akasema. "Na huyu Jumapili hana kanisa. Na kunyamaza hajui."

"Nami nina mgongo," nikasema.

"Utaupata ukitembea. Kutoka hapa mpaka kwetu, kwa miguu. Utakaa langoni tukiwa kwenye ibada, uongee. Na yeyote, jirani, mlinzi, kunguru. Tukirudi nakupima sukari. Ikishuka, unapata kikombe cha uji. Ikipanda, nampigia Jannat."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mashine iandike namba ninayoipenda."

Basi. Nimekwenda Jumapili tatu. Nimewasimulia walinzi wa mtaa mzima habari za meli, na mmoja ameanza kujificha nikitokea. Hajaja mwizi hata mmoja, na wanaojua waseme ni kwa nini. Mutunga, nasikia, siku hizi hulala fofofo kanisani mpaka mhubiri amelalamika.

Mbuzi tulikwenda kumchagua pamoja, mimi, Mwikali na Bi Mejumaa. Mimi nilimwonyesha mmoja mzuri, mwembamba, mtulivu, anayefaa kabisa kwa shughuli ya kuomba radhi. Mwenye mbuzi akasema huyo ni mgonjwa. Mwikali akapita katikati ya zizi, akafika nyuma kabisa, akashika pembe za dume moja jeusi lenye ndevu kama zangu na kifua kama mlango wa msikiti.

"Huyu," akasema.

Nikalipa.